Kutazama Bure, Kubonyeza kwa Hela

Mwalimu wa kompyuta aliyenifundisha matangazo ya mtandaoni alikuwa mtu wa Tanga, amepangiwa shule ya sekondari hapa Kasulu, na kila alipokuja dukani kwangu kutoa kopi za mitihani alianza kwa kulalamikia baridi. Duka langu ni steshenari: kopi, picha za pasipoti, kuwajazia watu maombi ya ajira, na pembeni madumu ya asali ninayoletewa kutoka Kibondo. Siku moja alikuwa anasubiri mashine ipoe, akaona karatasi niliyobandika ukutani, "Asali ya Kibondo inapatikana hapa." Akacheka.

"Kaka, hii anaiona nani? Mimi na mende."

Nilikasirika, maana mende dukani kwangu hakuna. Lakini alivuta kiti, akaniomba nifungue kompyuta, na mchana ule nikajifunza kitu ambacho mpaka leo natamani ningejifunza vizuri zaidi au nisingejifunza kabisa.

Alinieleza hivi. Bango la barabarani unalilipia likae, watu walitazame au wasilitazame. Hili la mtandaoni unalilipia likiguswa. Unachagua maneno, tuseme "asali ya Kibondo". Mtu popote alipo akiyaandika maneno hayo kwenye simu yake kutafuta, mstari wako unamtokea juu kabisa, na kando yake kineno kidogo, tangazo. Akiutazama na kupita zake, hudaiwi kitu. Akiubonyeza akaingia kwenye ukurasa wako, hapo ndipo kampuni ya mtandao inakata hela yake kwenye ile uliyoweka.

"Na kama kuna mwingine anayataka maneno yale yale?"

"Mnapigania. Kila mmoja anasema mapema mwisho wake wa kulipa kwa mbonyezo mmoja. Ni mnada, ila unaisha kabla hujapepesa jicho. Na si lazima tajiri ashinde. Kampuni inaangalia pia tangazo la nani linafanana na anachotafuta mtu, kwa sababu lisilobonyezwa haliwaingizii chochote."

Alinionyesha mahali pa kuchagua maeneo, ili asali yangu isitangazwe kwa watu wa Mexico. Alinionyesha maneno ya kukataa, yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lako linajificha. Alinionyesha kikomo cha siku: hela uliyopanga ikiisha saa nne asubuhi, tangazo linatoweka mpaka kesho, hata mteja wako mkubwa akitafuta saa tano hakuoni. Kisha ripoti: waliotazama wangapi, waliobonyeza wangapi, wako wapi. Mwisho akanipa kanuni, nikaiandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika juu ya kompyuta. Nje weka swali, ndani weka jibu. Ukiyamaliza maneno yote nje, nani atabonyeza?

Niliuza madumu mawili ya asali kwa mtu wa Dodoma, nikajiona profesa.

Sasa niseme habari ya dada yangu. Wazazi wetu waliikimbia Burundi kabla hatujazaliwa, wakapokelewa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, wakapata shamba, na miaka mingi baadaye wakapata uraia. Watoto tuliokua tulikuwa wawili tu, dada na mimi. Yeye aliolewa na mwanamume wa kambi ya Mtabila, mkimbizi wa wimbi la baadaye, mpiga gitaa wa kwaya. Kambi ilipofungwa na watu kurudishwa kwao, dada alipanda basi na mumewe na watoto wawili. Mama alimfungia maharage kwenye kitenge, akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Namba ya shemeji iliita miezi michache, kisha ikawa haipatikani. Laini zetu nazo zilikatwa kwa kuchelewa kusajili kwa alama za vidole. Basi, hivyo tu. Hakukuwa na ugomvi wala neno baya. Tulipoteana kama watu wengi wa huku walivyopoteana.

Baba alishafariki. Mama alibaki Kumsenga, analima muhogo na maharage, anaimba na akina mama wa kanisa, na hakuwa mtu wa kulialia. Kisha tumbo likaanza kujaa. Nilimpeleka hospitali Kibondo, na daktari, kijana mpole wa Mbeya, akaniita pembeni ya dirisha. Alisema ni ini, na limekwisha kuharibika. Alisema tusihesabu msimu mwingine wa mavuno.

"Kama ana watoto walio mbali, waiteni sasa," alisema.

Mama hakuhitaji kuambiwa. Tuliporudi nyumbani aliketi kizingitini, akavua viatu, akasema anataka jambo moja tu. Amwone mwanawe wa kwanza. Hakusema amuage wala amwachie kitu. Alitaka kumwona tu.

Mimi nikamwambia asijali, nina njia. Nilisema kwa kujiamini kwa mtu aliyeuza madumu mawili Dodoma.

Nilimpiga picha pale pale kizingitini na kitenge chake cha bluu. Nikamwuliza tumwandikie nini dada. Akafikiri kidogo, akasema kwa lugha yetu, "Mwananje, ndacariho. Ngwino." Mwanangu, bado nipo hai. Njoo. Niliyaandika yale maneno chini ya picha, nikaweka jina la mama, jina la baba, Kumsenga, na namba yangu ya simu. Vyote hivyo niliviweka ndani, kwenye ukurasa ambao mtu anaufikia akishabonyeza. Nje, kwenye mstari unaoonwa na kila mtu, nikaandika: "Ulikuwa Mtabila? Kuna anayekutafuta."

Ilinipendeza sana. Swali nje, jibu ndani. Nilijiambia pia kwamba jina la mama likikaa nje matapeli watalichezea, lakini huo ulikuwa udhuru. Ukweli ni kwamba nilikuwa najivunia ufundi wangu. Mwalimu alikuwa likizo kwao Tanga, na sikumpigia kumuuliza. Nilichagua neno Mtabila na maneno ya jirani yake, nikachagua Kigoma, Burundi na nchi nyingine ambako watu wetu hukimbilia, nikaweka hela, nikawasha.

Siku za kwanza walioingia walikuwa vijana wa kidato cha sita waliokuwa wanatafuta habari za mafunzo ya jeshi, maana jina lile sasa lina kambi ya aina nyingine. Nikaweka maneno ya kukataa, wakapungua. Nikafurahi kwamba najua kazi. Kila jioni nilimpigia mama kwa simu ya jirani yake, na kila jioni aliuliza neno moja, neno alilojifunza kwangu.

"Amebonyeza?"

"Bado, Mama. Wengine wamebonyeza."

"Hao wengine si wanangu."

Wiki ya pili ripoti ilifurika. Waliobonyeza walikuwa wengi mpaka nikainuka kwenye kiti changu. Niliona watu wa Mtabila wote, popote walipo, wameamka na kutafutana, na dada yumo humo katikati. Lakini simu yangu haikuita. Na kitu kingine: kufika saa mbili na nusu asubuhi hela ya siku ilikuwa imekwisha, tangazo limezimika. Kesho yake vile vile. Nikaongeza hela, ikaliwa. Nikauza printa yangu ya pili, ile nzuri, nikaongeza tena. Siku ya tano ndipo nilipokumbuka kufungua ule ukurasa wa ripoti unaoonyesha watu wako wapi. Karibu wote walikuwa Kibondo.

Jumapili nilipanda gari alfajiri. Nilifika Kumsenga ibada imekaribia matangazo, nikakaa nyuma, na hapo nikasikia kwa masikio yangu. Mzee wa kanisa, mtu aliyechimba kaburi la baba yangu kwa mikono yake, alisimama mbele akasema, "Ndugu zangu, tusichoke. Mama yetu anamtafuta mwanawe. Asubuhi baada ya sala bonyezeni, jioni kabla ya ugali bonyezeni. Asiye na simu ya kupapasa aazime ya mjukuu."

Watu wakaitikia amina. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele, tumbo lake kubwa, uso wake umekunjuka kwa furaha.

Ili uelewe, lazima ujue ikibiri. Kwetu mtu akiugua wakati wa kulima, majirani wanakuja na majembe bila kuitwa. Wanalima shamba lake lote, wanakunywa watakachopewa, wanakwenda zao. Hakuna anayeandika nani amekuja, lakini asiyekuja anajulikana. Sasa mama alikuwa amewaambia kwamba kuna tangazo, na kwamba mwanawe atapatikana likibonyezwa. Wao wakaelewa kama walivyoelewa maisha yao yote: hapa kuna kazi nzito, mikono mingi itaisukuma. Wakaandika Mtabila kwenye simu zao, wakauona mstari wangu, wakabonyeza. Mashine ile inajitahidi kumtambua mtu mmoja anayerudiarudia, isimkate mwenye tangazo hela kwa upuuzi wa mtu huyo. Kanisa zima la simu mbalimbali haikulitambua.

Ningeweza kucheka. Mtu mwingine angecheka, angewashukuru, angewaeleza taratibu. Mimi nilitembea mpaka mbele, viatu vikilia kwenye sakafu, nikamnyang'anya mzee kipaza sauti.

"Mnanisaidia au mnaniua?" nilisema. "Kila mnapobonyeza hela yangu inakatwa! Printa nimeuza kwa ajili ya vidole vyenu! Hela ikiisha asubuhi, dada yangu akitafuta mchana haoni kitu. Ni ninyi mnaomficha! Nani amewatuma? Tangazo lile lisiguswe. Mwambieni kila mtu mnayemjua, asiliguse!"

Bibi mmoja aliyekuwa ameshika simu ya mjukuu wake aliifunga kwenye pindo la kanga, polepole, kama kitu alichokiiba. Mzee alichukua kipaza sauti, akasema tuombe. Sikumbuki aliomba nini.

Njiani kwenda nyumbani mama alitembea hatua kumi, akapumzika, akatembea tena.

"Wale watu walikuja na majembe yao," alisema.

"Mama, walikuwa wanalima shamba lisilo lao."

"Wewe ndiye hukuwaonyesha mpaka."

Jioni ile, nikiwa bado Kumsenga, mzee alinitumia ujumbe kabla ya kuusambaza, ili nihakikishe amesema sawasawa. Uliandikwa hivi: "Ndugu wapendwa, kuna tangazo kwenye simu linasema, Ulikuwa Mtabila, kuna anayekutafuta. Usilibonyeze. Kila anayebonyeza, hela inakatwa. Mtumie na mwenzako." Niliusoma. Niliona ni mfupi na umeeleweka. Nikamjibu, "Asante mzee, hapo umesema." Akautuma kwenye grupu la kanisa, na wao, kwa utii wa watu walioaibishwa, wakautuma kwenye magrupu yao yote.

Tangazo likatulia. Hela ikawa inakaa mpaka jioni, na mimi nikaona nimeshinda. Waliotazama hawakupungua, tena walikuwa wametawanyika vizuri, Burundi, Uganda, hata Zambia. Waliobonyeza wakawa wachache, kisha mmoja mmoja, kisha hakuna. Nilipandisha mwisho wangu wa kulipa. Nilibadilisha maneno ya kutafutia. Siku nyingine nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitazama safu mbili, hii ya macho imejaa na ile ya vidole ina sifuri, nikawatukana watu nisiowajua kwa roho yao ngumu. Wateja walikuwa wanasubiri picha za pasipoti na mimi natukana. Mstari wa nje sikuugusa. Kanuni yangu ilikuwa pale juu kwenye boksi.

Mama alihamishiwa chumba cha mbele ili aone barabara. Nilikuwa nakwenda kila mwisho wa wiki, lami ile ya Kasulu hadi Kibondo naijua kila kona. Alikuwa hali tena, anakunywa uji vijiko vitatu. Akina mama wa kanisa walimwogesha, wakafua mashuka yake, na waliponiona mimi walinisalimia wakitazama chini. Sikuwaomba radhi. Nilikuwa naona aibu, na aibu kwangu hutoka kama hasira.

"Amebonyeza?" aliniuliza Jumamosi ya mwisho. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Kesho, Mama."

Alifumba macho, na alijua kwamba namdanganya. Alifariki Jumanne saa tisa alasiri, mimi nikiwa dukani nampiga picha mwalimu wa shule ya msingi.

Tangazo la msiba aliliandika yule yule mzee, kwa simu yake, akiwa amekaa juu ya kinu nje ya nyumba yetu. Hakulipia kitu wala hakujua kanuni. Aliweka picha ya mama, jina lake lote, jina la marehemu baba, mahali alikotoka Burundi, Kumsenga, siku ya mazishi, namba yangu. Kila kitu kilikuwa nje. Akatuma kwenye grupu la kanisa, na wale wale watu niliowafokea wakalipeleka kwa kila waliyemjua. Tulizika Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu yangu iliita, namba ya Uganda.

"Musaza wanje," sauti ilisema. Ndivyo dada anavyomwita kaka yake kwa lugha yetu, na hakuna mwingine duniani wa kuniita hivyo. Alilia muda mrefu, kisha salio lake likaisha, nikampigia mimi.

Alifika baada ya siku sita, kwa mabasi manne. Alikuwa amezeeka, meno mawili hayapo, mumewe alishakufa baada ya wao kukimbia tena Burundi mpaka Uganda. Alisema aliwahi kuwapa wasafiri salamu mara mbili, na sisi hatukuzipata hata moja. Alilala kwenye kaburi kifudifudi mpaka akina mama wakamwinua. Baadaye tuliketi kwenye mkeka ndani, yeye, mimi, mzee wa kanisa na majirani wachache, na mimi nikamwonyesha kwenye simu yangu ule ukurasa, picha ya kizingitini na maneno ya mama. Alisoma kwa sauti. Ndacariho. Ngwino. Kisha akasoma tena bila sauti.

"Hii ilikuwa wapi?" akauliza.

Nikamweleza habari ya tangazo. Akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau.

"Ulikuwa Mtabila, kuna anayekutafuta?"

"Hilo hilo."

"Nililiona." Aliweka simu chini. "Mimi huwa naandika Mtabila kutafuta nyimbo za kwaya yetu, ile ya marehemu mume wangu. Lilinitokea pale juu. Mara ya kwanza nilitaka kubonyeza, mwenzangu wa kwaya akanishika mkono, akasema hujaona ujumbe, hao ni wezi, ukibonyeza hela inakatwa. Nilikuwa na shilingi za unga tu kwenye simu. Mara ya pili nilikuwa peke yangu. Nikalitazama sana. Nikaliacha."

Nje kuku walikuwa wanachakura.

"Mbona hukuandika jina la mama pale juu?" aliuliza. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anauliza kweli. "Ningeliona tu. Nisingehitaji hata kubonyeza."

Nilisema ndivyo tulivyofundishwa.

"Na ule ujumbe," alisema, "ule wa kututisha. Nani aliuandika? Nataka nimjue mtu huyo."

Mzee alikuwa anazungusha kofia yake magotini. Alinitazama mara moja. Alikuwa ananipa nafasi, najua, na jibu langu alikuwa nalo bado kwenye simu yake, asante mzee, hapo umesema. Mimi nilitazama mkeka. Nilihesabu mistari ya ukindu, ya kijani, ya zambarau, ya kijani. Nikasubiri, na nilipokuwa nasubiri yeye akapiga magoti mbele ya dada, mtu mzima wa umri ule.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Niliandika mimi. Unisamehe."

Dada alisimama, akahamia upande wa pili wa chumba, akakaa kati ya akina mama, akampa mgongo. Mzee alibaki amepiga magoti kwa muda, kisha akajizoa, akatafuta fimbo yake. Mimi nikainuka nikaenda kuleta chai.

Dada amerudi Uganda kwa watoto wake. Katika siku zote alizokaa hakupokea salamu ya mzee hata mara moja, na watu wa Kumsenga wameliona hilo, wanalizungumza. Mzee anapoteremka Kasulu hupita dukani kunijulia hali, na hajawahi kulitaja. Kile kipande cha boksi nilikibandua, tangazo nililizima. Namba ya dada ninayo sasa, ni ya kwanza kwenye simu yangu, na kila nikitaka kumpigia nimwambie ukweli, naishia kuitazama.